Mahali Vichwa vya Treni Vinapolala: Mabanda ya Reli ya Gotthard Nchini Uswisi

Abiria asafiriye kwa treni huifahamu stesheni, tiketi, behewa na kiti chake. Ni mara chache afikiripo mahali kichwa cha treni kilikotoka alfajiri ile, na mahali kitakakorejea usiku. Hata hivyo hakuna reli yoyote duniani iwezayo kufanya kazi hata kwa juma moja bila mahali hapo. Kila kichwa cha treni lazima kipate mahali pa kulishwa, kusafishwa, kukaguliwa na kutengenezwa. Mahali hapo ndipo tutakapopaita katika makala haya banda la vichwa vya treni, au depo. Karakana kubwa, ambamo injini hufumuliwa na kuundwa upya, ni ndugu wa banda hilo.

Tumechagua mfano wa Uswisi kwa sababu mbili. Kwanza, Uswisi ni nchi ya milima ya Alpi, na katika milima ndipo kila udhaifu wa injini hudhihirika. Pili, nchi hiyo haina makaa ya mawe ya kutosha wala mafuta, lakini ina maji mengi yaporomokayo kutoka milimani. Kwa hiyo mabanda yake yalipitia mabadiliko makubwa mapema kuliko ya nchi nyingi, na historia yake inamfundisha mwanafunzi fizikia, kemia na hata siasa ya uchumi kwa pamoja.

Kwa nini Erstfeld?

Reli ya Gotthard ilifunguliwa kwa ukamilifu mwaka 1882, ikaunganisha kaskazini na kusini mwa Alpi. Katikati yake lilichimbwa handaki la kilomita 15 kati ya Göschenen na Airolo. Kazi hiyo ilianza mwaka 1872, na mkandarasi wake mkuu, Louis Favre, alifariki humo ndani ya handaki mwaka 1879, kabla hajaona pande mbili za uchimbaji zikikutana mwaka 1880.

Lakini kabla ya kulifikia handaki, treni lazima ipande. Kijiji cha Erstfeld, katika jimbo la Uri, kiko mita 472 juu ya usawa wa bahari. Göschenen iko mita 1,106. Tofauti ni mita 634, nazo hupandwa katika mwendo wa takriban kilomita 29 tu. Ili mwinuko usizidi mita 26 kwa kila mita 1,000, wahandisi walilazimika kuizungusha njia ndani ya mlima. Karibu na Wassen abiria huliona kanisa lile lile mara tatu, kila mara kutoka kimo tofauti, kwa kuwa reli hupinda na kurudi juu ya yenyewe.

Treni nzito ambayo ilivutwa kwa urahisi na injini moja kwenye uwanda haikuweza kuupanda mwinuko huo na injini hiyo hiyo. Ilibidi iongezewe injini ya pili mbele, au nyingine ya kusukuma nyuma. Basi pale ambapo uwanda unakwisha na mlima unaanza, ndipo lilipotakiwa banda lenye injini za msaada, mafundi, madereva, maji na makaa. Pale ni Erstfeld. Kijiji kidogo cha wakulima kikageuka kuwa kijiji cha reli. Upande wa pili wa mlima, Biasca ilifanya kazi kama hiyo, na Bellinzona ikapata karakana kubwa.

Mwanafunzi wa jiografia aizingatie kanuni hii: banda la vichwa vya treni halijengwi popote. Hujengwa pale ambapo hali ya njia inabadilika, ambapo njia mbili zinakutana, au ambapo uwezo wa mtu na mashine kuendelea bila kupumzika unafikia kikomo.

Banda la mviringo

Injini ya mvuke haiko sawa mbele na nyuma. Ina boila ndefu mbele, na dereva nyuma. Inaweza kurudi kinyumenyume, lakini kwa mwendo wa polepole na kwa mashaka. Kwa sababu hiyo mabanda mengi ya zamani yalikuwa na daraja la mzunguko: daraja fupi la chuma lililolazwa juu ya shimo la duara, likizunguka juu ya mhimili wa katikati. Injini ikisimama juu yake kwa namna ambayo uzito wake umegawanyika sawasawa pande zote mbili za mhimili, wanaume wachache wanaweza kuigeuza kwa mikono, hata kama ina uzito wa tani nyingi. Hiyo ni kanuni ya wenzo ambayo kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza huisoma. Dereva asiyesimamisha injini yake mahali barabara atatoa jasho la bure.

Kutokana na daraja hilo likazaliwa banda la mviringo. Njia za reli hutoka katikati kama mionzi ya jua, na kila njia huingia katika chumba chake. Faida yake ni kwamba injini yoyote huweza kutolewa bila kuzisumbua nyingine. Hasara yake ni kwamba daraja likiharibika, injini zote zimefungiwa ndani. Mjini Delémont, kaskazini-magharibi mwa Uswisi, limebaki banda zuri la namna hiyo, ambalo sasa huhifadhi vichwa vya treni vya kihistoria.

Hebu tujaribu hesabu ya jiometri. Tuseme njia mbili jirani zinaachana kwa pembe ya digrii 10, na milango ya banda iko mita 25 kutoka katikati ya daraja. Umbali kati ya katikati ya njia moja na katikati ya nyingine penye mlango ni 2 × 25 × sin 5°, yaani mita 4.4 hivi. Injini ina upana wa mita tatu. Kwa hiyo inabaki nafasi ya mita 1.4 tu kwa nguzo ya mlango na kwa mtu kupita. Pembe ikipunguzwa, injini nyingi zaidi zitaingia, lakini milango itabidi isogezwe mbali na kiwanja kiwe kikubwa zaidi. Katika bonde jembamba la Alpi, lenye mto upande mmoja na jabali upande wa pili, kiwanja si kitu cha kupatikana kirahisi.

Kazi za usiku

Wakati wa mvuke, injini iliyorejea bandani ilikuwa kama mnyama wa kazi arudiye zizini. Kwanza ilisimama juu ya shimo la majivu, moto wake ukasafishwa na masizi yakakombolewa. Kisha ikajazwa makaa, maji na mchanga. Fundi aliingia katika shimo la ukaguzi lililo kati ya reli, akapita chini ya tumbo la injini na taa yake, akigonga boliti kwa nyundo na kusikiliza mlio. Chuma kizima hulia wazi. Chuma chenye ufa hutoa mlio uliofifia.

Injini iliyopoa kabisa haikuweza kuamshwa kwa dakika chache. Moto ulipaswa kuwashwa saa nyingi kabla ya safari na kukuzwa polepole, kwa sababu bamba za boila zikipata joto kwa haraka hutanuka bila ulinganifu na kuvuja kwenye viungo. Kwa hiyo palikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kukesha bandani wakitunza moto wa injini zilizolala, ili dereva wa alfajiri akute mvuke tayari.

Kazi nyingine nzito ilikuwa kuosha boila. Maji yaliyopita katika miamba ya chokaa huwa na kalisi hidrojenikabonati iliyoyeyuka. Yakichemshwa, hutokea badiliko hili:

Ca(HCO₃)₂ → CaCO₃ + H₂O + CO₂

Kalisi kabonati haiyeyuki katika maji. Hujenga gamba gumu juu ya chuma, gamba lile lile tulionalo ndani ya birika la chai. Gamba hilo hupitisha joto kwa shida. Matokeo yake ni mawili: makaa mengi zaidi huhitajika, na chuma kilicho upande wa moto hupata joto kupita kiasi kwa kuwa maji hayakigusi. Boila isiyooshwa kwa muda mrefu ni hatari kwa uhai. Ndiyo maana kila banda lilikuwa na ratiba ya kuosha, na ratiba hiyo iliheshimiwa kama sheria.

Tembo, mamba na simbamarara

Reli za Uswisi huzitaja injini zake kwa herufi na sehemu ya namba. Katika sehemu hiyo, namba ya juu ni idadi ya ekseli zinazoendeshwa na nguvu ya injini, na namba ya chini ni idadi ya ekseli zote. Hivyo C 5/6 ni injini yenye ekseli sita, tano kati ya hizo zikiendeshwa. Injini hizo za mvuke ziliundwa Winterthur kati ya mwaka 1913 na 1917, hasa kwa ajili ya Gotthard. Kwa ukubwa wake wafanyakazi waliziita Tembo.

Tembo huyo, hata hivyo, alizaliwa wakati mbaya. Uswisi ilinunua makaa yake ng'ambo, hasa Ujerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, makaa yakaadimika na bei ikapanda mara kadhaa. Safari za treni zilipunguzwa. Nchi ambayo haikupigana vita ilijikuta ikibanwa kwa sababu moto wa injini zake ulitegemea migodi ya wengine. Shirika la reli lilikuwa limekwisha kuamua mwaka 1913 kuitia umeme reli ya Gotthard; vita vilikawiza kazi, lakini viliondoa ubishi wote. Maporomoko ya Ritom na Amsteg yakatumiwa kuzalisha umeme, na mwaka 1920 treni za umeme zikaanza kupita kati ya Erstfeld na Biasca. Mfumo uliochaguliwa ulikuwa wa volti 15,000, wenye mizunguko 16 na theluthi mbili kwa sekunde, yaani theluthi moja ya ile ya umeme wa majumbani. Mizunguko michache ilipunguza cheche katika mota kubwa za zama zile.

Injini mpya ya umeme ya treni za mizigo ilikuwa Ce 6/8. Ilikuwa na uzito wa tani 128, mwili wa sehemu tatu na pua ndefu mbele na nyuma, ikijipinda kwenye kona. Watu wakaiita Mamba. Mamba hakuhitaji kugeuzwa kwenye daraja la mzunguko, kwa sababu alikuwa na chumba cha dereva kila upande. Hakula makaa, hakutoa majivu, hakuoshwa boila. Tena alikuwa na breki ya umeme: ashukapo mlima mota zake ziligeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye waya. Treni ishukayo ikaisaidia treni ipandayo.

Vita Kuu ya Pili vilileta kichekesho cha kisayansi. Makaa yalipoadimika tena, mwanzoni mwa miaka ya 1940, injini mbili ndogo za mvuke za kupangia mabehewa zilifungwa waya wa kuchukulia umeme juu ya paa, na maji ya boila yakachemshwa kwa umeme, kama birika kubwa lenye magurudumu. Injini za namna hiyo zilikuwa na jina la utani la Simbamarara Mdogo. Ufumbuzi huo haukuwa na ufanisi mkubwa, lakini palipo na maji mengi na makaa hakuna, ulikuwa na akili.

Hesabu ya mlima

Kati ya mwaka 1952 na 1966 ziliundwa injini 120 za aina ya Ae 6/6. Ekseli zake zote sita huendeshwa. Ilitakiwa iweze kuvuta tani 600 peke yake juu ya mwinuko wa Gotthard kwa mwendo wa kilomita 75 kwa saa. Tuihakiki ahadi hiyo kwa fizikia ya darasani.

Injini yenyewe ina tani 120, hivyo uzito wote ni tani 720. Kwenye mwinuko wa 26 kwa 1,000, kani ya mvutano wa dunia irudishayo treni nyuma ni:

720,000 × 9.81 × 0.026 = niutoni 184,000 hivi.

Mwendo wa kilomita 75 kwa saa ni mita 20.8 kwa sekunde. Tukizidisha kani kwa mwendo tunapata nguvu ya kilowati 3,800 hivi. Nguvu ya Ae 6/6 ni kilowati 4,300 hivi. Zile 500 zilizobaki ni za kushinda hewa, kona na msuguano wa magurudumu. Kumbe hesabu inakubali.

Sasa tutafute nishati. Kuinua tani 720 kwa kimo cha mita 634 kunahitaji jouli bilioni 4.48, yaani kilowati-saa 1,244 hivi. Je, injini za mvuke zingetumia makaa kiasi gani? Kilo moja ya makaa mazuri ina jouli milioni 30 hivi, lakini injini ya mvuke hutumia vema kama asilimia 7 tu. Kila kilo basi hutoa jouli milioni 2.1 za kazi. Tukigawanya tunapata kilo 2,100 hivi. Zaidi ya tani mbili za makaa kwa kupanda tu, kwa treni moja, upande mmoja wa mlima! Na kila kilo ya makaa hugeuza kilo 6 hadi 8 za maji kuwa mvuke, hivyo maji nayo yangefika tani 13 hadi 17. Makaa hayo yote yalipaswa kuletwa kwa treni, kupakuliwa, kupakiwa na kutupwa moto kwa koleo, na majivu yake kuondolewa na watu wa bandani.

Mchanga na magurudumu

Si kila kitu kilibadilika. Mchanga ulibaki. Injini huvuta kwa msuguano kati ya gurudumu na reli, na wote wawili ni chuma laini. Gawanya kani ya kuvuta kwa uzito wa injini: kwa Ae 6/6 katika mfano wetu, tukihesabu na ukinzani mwingine, tunapata 0.175 hivi. Hicho ndicho kizigeu cha msuguano kinachohitajika. Reli kavu hutoa 0.3 hivi, reli yenye umande, theluji au majani yaliyopondwa huweza kushuka chini ya 0.15. Hapo magurudumu huzunguka bure, hata injini iwe na nguvu kiasi gani. Dereva humwaga mchanga mkavu mbele ya magurudumu, na mshiko hurudi. Kwa hiyo hadi leo banda la injini za umeme lina ghala la mchanga. Mchanga wenye unyevu huganda katika bomba, nao haufai kitu.

Magurudumu nayo yanahitaji uangalizi. Kona nyingi za milimani hulila ukingo wa gurudumu, na breki kali hufanya sehemu bapa zinazogonga reli. Mabanda ya kisasa yana mashine ya kukereza iliyochimbiwa chini ya sakafu: injini husimama juu yake, na gurudumu huchongwa upya bila kufunguliwa. Nyundo ya fundi imesaidiwa na mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, ambayo hupenya chuma na kurudi na habari za ufa uliofichika.

Watu wa bandani

Maendeleo ya ufundi hayamgusi kila mtu kwa namna moja. Moshi ulikuwa adui wa madereva na watia makaa katika handaki la kilomita 15, hata mwishoni mwa karne ya 19 ikabidi mashine kubwa ya kupuliza hewa ijengwe penye mdomo wa Göschenen. Umeme uliwaokoa na moshi huo. Lakini umeme huo huo ulimfanya mtia makaa asihitajike tena, pamoja na mkesha wa moto, msafisha majivu na muosha boila. Kazi zao zilichukuliwa na mafundi wa umeme waliohitaji elimu nyingine. Injini zenye nguvu zaidi nazo zilipunguza haja ya injini za msaada. Kati ya mwaka 1972 na 1980 zilitoka injini 89 za aina ya Re 6/6, kila moja ikiwa na nguvu ya kilowati 7,850 hivi. Mashine moja ilifanya kazi ambayo zamani ilihitaji mbili, na banda likahitaji watu wachache zaidi.

Bellinzona yalitokea mambo makubwa zaidi. Mwezi Machi 2008 tawi la mizigo la shirika la reli lilitangaza mpango wa kuhamisha matengenezo ya vichwa vya treni kutoka karakana ile kwenda Yverdon, na kuyakabidhi matengenezo ya mabehewa kwa watu binafsi. Wafanyakazi walisimamisha kazi na kuikalia karakana kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Wenyeji wa jimbo la Ticino, wakiwamo wasio na uhusiano na reli, waliwaunga mkono, na mwezi Aprili mpango ukaondolewa. Jambo lililogombaniwa halikuwa mishahara pekee. Fundi aliyefundishwa kwa miaka mingi kusoma mlio wa chuma ni hazina, na mji uliojengwa kuizunguka karakana hauhamishwi kwa lori.

Mlango wa handaki jipya

Tarehe 1 Juni 2016 lilifunguliwa handaki jipya la Gotthard lenye urefu wa kilomita 57, na mwezi Desemba mwaka huo treni za kawaida zikaanza kulitumia. Sehemu yake ya juu kabisa iko mita 549 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali handaki la zamani linafikia mita 1,151. Mlima haupandwi tena. Unapitwa chini kwa chini. Mdomo wa kaskazini wa handaki hilo uko karibu na Erstfeld, pale pale ambapo kwa miaka zaidi ya 130 treni zilisimama kuongezewa nguvu. Sasa nyingi hupita bila kusimama. Njia ya zamani haikufungwa. Treni za abiria za mikoani bado huipanda hadi Göschenen na Airolo.

Je, banda la Erstfeld limekufa? La. Limepewa kazi nyingine. Katika Erstfeld na Biasca vimejengwa vituo vya matengenezo na uokoaji vya handaki jipya. Humo hukaa treni za kuzima moto na kuokoa watu, tayari kuondoka wakati wowote. Zamani mtu alikesha Erstfeld akitunza moto; sasa mtu hukesha Erstfeld ili auzime. Mafundi wengine hutunza injini za kihistoria, na Mamba mmoja amewekwa karibu na stesheni kama ukumbusho.

Tarehe 10 Agosti 2023 dunia ilikumbushwa umuhimu wa ukaguzi. Treni ya mizigo iliyokuwa ikielekea kaskazini iliacha reli ndani ya handaki jipya. Hakuna aliyeumia, lakini kilomita 7 hivi za njia ziliharibika, na mataruma yapatayo 20,000 yakabidi kubadilishwa. Chanzo kilikuwa gurudumu la behewa lililovunjika kutokana na nyufa za uchovu wa chuma: nyufa ndogo zinazokua kidogo kidogo kila gurudumu linapopata joto la breki na kupoa, mpaka siku moja chuma hukatika. Handaki lilifunguliwa tena kikamilifu tarehe 2 Septemba 2024. Kwa muda mrefu treni za abiria zilirudishwa kwenye njia ya zamani ya mlimani, na safari ikaongezeka karibu saa moja. Hapo njia ya babu zao, ambayo wengine waliiona mzigo, ikawa mkombozi. Gharama ilizidi faranga milioni 100, nayo ilianzia kwenye ufa ambao macho hayakuuona.

Injini zilizorejea kutoka Asia

Si mbali na Göschenen, katika kijiji cha Realp, liko banda jingine ambalo bado linanuka makaa na mafuta. Reli ya mlima wa Furka ilikuwa na injini za mvuke zenye gurudumu la meno liumalo reli ya katikati, ili zisiteleze kwenye miinuko mikali. Mwaka 1947 baadhi yake ziliuzwa Vietnam, zikafanya kazi katika reli ya milimani ya Da Lat. Handaki jipya la Furka lilipofunguliwa mwaka 1982, njia ya juu iliachwa. Wapenzi wa reli hawakukubali ife. Mwaka 1990 walizirudisha injini zao kutoka Vietnam, wakazitengeneza kwa kujitolea, na mwaka 1992 mvuke ukapanda tena kutoka Realp. Mwaka 2010 njia ikakamilika hadi Oberwald. Upana wa njia hiyo ni mita moja, sawasawa na Reli ya Kati ya Tanzania na reli ya zamani ya Kenya na Uganda.

Funzo kwetu

Wasomaji waishio karibu na karakana za reli za Morogoro, Tabora au Nairobi watakuwa wametambua mengi katika makala haya. Mwaka 2024 Tanzania nayo ilianza kuendesha treni za umeme kwenye reli mpya kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Umeme wake ni wa volti 25,000, na wenye mizunguko 50 kwa sekunde, kwa kuwa mota na vifaa vya kisasa havihitaji tena mizunguko michache. Treni mpya hupendeza macho, na ni haki kuzifurahia. Lakini umri wake hautaamuliwa na rangi yake. Utaamuliwa na fundi aingiaye katika shimo la ukaguzi usiku, na ratiba ambayo hakuna mkubwa yeyote awezaye kuiruka.

Walimu wanashauriwa kuwapa wanafunzi mazoezi haya. Kwanza, kokotoa upya nishati ya kupanda kutoka Erstfeld hadi Göschenen ikiwa treni ina tani 500 kwa jumla. Pili, ikiwa treni hiyo hiyo ishukapo hurudisha asilimia 40 ya nishati hiyo kwenye waya, ni treni ngapi zishukazo zitatosha kuipandisha moja? Tatu, chemsha maji ya bomba na maji ya mvua katika vyombo viwili mara nyingi, kisha linganisha kilichobaki chini. Nne, mwalimu akipata ruhusa, darasa litembelee karakana ya reli iliyo karibu, na kila mwanafunzi amwombe fundi amwonyeshe jinsi anavyotambua ufa.